Nani Anakipima Kipimo? Pacha wa Kidijitali na Usahihi wa Vihisi vya Viwandani

Mtu akiinjika sufuria ya maji jikoni kwake Ipagala au Area C, mitaa ya Dodoma, akayaacha yatokote vizuri, kisha akatumbukiza kipimajoto cha kuaminika, atakuta kimesimama kwenye nyuzi 96 na ushei. Kama amekariri tangu darasani kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, atakitupa kipimajoto hicho na kununua kingine, na kingine nacho kitamwonyesha nyuzi 96. Mji wa Dodoma uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa huyagandamiza maji kwa kilopaskali 89 hivi, tofauti na 101 za Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo maji huchemka mapema. Kipimajoto kilikuwa sahihi. Kilichokosea ni tarajio la mpimaji.

Nimeanza na sufuria kwa sababu ndani yake mna kiini cha makala hii. Kukagua usahihi wa kifaa ni kulinganisha vitu viwili: kile ambacho kifaa kinasema, na kile ambacho tunaamini kingepaswa kusema. Cha kwanza tunakitilia shaka kwa urahisi, cha pili mara chache sana. Katika viwanda vya sasa hicho cha pili kimepewa jina la pacha wa kidijitali, yaani programu ya kompyuta inayoufuata mtambo halisi saa kwa saa na kukokotoa nini kingepaswa kutokea ndani yake. Ninaamini kwa dhati kwamba njia hii inaweza kuvisaidia viwanda vyetu vya Kanda ya Kati, viwe vya mvinyo, vya kukamua alizeti au mitambo ya kusukuma maji. Lakini ina sharti moja ambalo likivunjwa faida yote hugeuka kuwa hatari: pacha lazima ajue kitu ambacho hakukipata kwa kihisi kile kile anachokikagua.

Kwanza kihisi chenyewe. Mafundi wengi husema sensa, lakini kwa kuwa sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu na makazi, hapa nitatumia neno kihisi. Chukua kihisi cha joto kinachojulikana viwandani kama Pt100. Ndani ya kijiti cha chuma mna waya mwembamba wa platini ambao ukinzani wake wa umeme ni omu 100 kwenye nyuzi sifuri na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kifaa hakioni joto hata kidogo. Kinachopimwa ni ukinzani, ukinzani unageuzwa kuwa mkondo wa umeme kati ya miliampia 4 na 20, mkondo unasafiri kwenye waya mrefu hadi chumba cha udhibiti, na huko kompyuta inaugeuza kuwa namba inayoonekana kwenye skrini. Kila hatua ya safari hiyo inaweza kuongeza uongo wake. Kwa kihisi kilichounganishwa kwa nyaya mbili, kutu kwenye kiungio ikiongeza omu moja tu, skrini itaonyesha joto lililozidi kwa nyuzi 2.6, na hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa sababu nyuzi 22 ni namba ya kawaida kama ilivyo nyuzi 20.

Ukimya huo ndio tatizo. Kihisi kilichokufa kabisa hakisumbui sana: waya ukikatika mkondo unashuka hadi sifuri, na kwa kuwa kipimo cha chini kabisa kilipangiwa miliampia 4, mfumo unatambua mara moja kwamba hiyo sifuri si joto bali ni hitilafu. Kinachosumbua ni kihisi kinachoendelea kufanya kazi huku kikipotoka polepole, au kilichoganda kwenye namba moja inayoaminika. Mita ya maji yenye gurudumu linalozunguka husagika na kuanza kuhesabu pungufu. Mita ya sumaku, isiyo na gurudumu, hujengewa gamba la chokaa na maji ya visima vyenye chumvi nyingi, na maji ya namna hiyo wakazi wa Dodoma tunayafahamu kwa kuyatazama mabirika yetu tu. Geji ya mgandamizo huziba kijitundu chake kwa vumbi au mafuta. Hakuna kati ya hivi kinachopiga kelele.

Dawa ya siku zote ni ugezi, yaani kukichukua kifaa na kukilinganisha na kifaa cha rejea ambacho nacho kimelinganishwa na kingine bora zaidi, ngazi kwa ngazi hadi kwenye vipimo vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango Tanzania. Hakuna mbadala wa mnyororo huo. Lakini una mipaka ambayo kila msimamizi wa kiwanda anaijua. Kukitoa kihisi kwenye bomba mara nyingi kunadai mtambo usimamishwe. Kifaa kikipelekwa Dar es Salaam, ni mwendo wa karibu kilomita 450 kwa barabara, na siku kitakaporudi hakuna anayejua kama kilitikiswa njiani. Zaidi ya yote, ugezi hufanyika kwa ratiba, tuseme mara moja kwa mwaka. Ikigundulika Desemba kwamba kihisi kimepotoka kwa nyuzi mbili, cheti hakitasema kilianza kupotoka lini. Kila kilichozalishwa tangu ugezi uliopita kinaingia kwenye mashaka, hata kama kosa lilianza wiki iliyopita.

Wazo la kumweka pacha katikati ya ugezi mmoja na mwingine lilitokana na watu waliokuwa mbali na mitambo yao kuliko sisi. Chombo cha Apollo 13 kilipopata ajali angani Aprili 1970, wahandisi wa NASA walitumia mitambo ya mafunzo iliyokuwa ardhini kuiga hali ya chombo hicho ili wapime maamuzi kabla ya kuyatuma kwa wanaanga. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Michael Grieves aliieleza dhana ya bidhaa halisi kuambatana na mfano wake wa kompyuta unaopokea taarifa zake, na jina la pacha wa kidijitali likaenea kupitia NASA kuanzia 2010, likihusishwa na John Vickers. Tofauti ya pacha na mchoro wa kawaida wa kompyuta ni uhai wa taarifa. Mchoro unaonyesha mtambo ulivyokusudiwa kuwa. Pacha anapokea vipimo vya leo na kubadilika navyo.

Sasa tuingie kwenye tangi. Dodoma ni mkoa wa zabibu, kuanzia Hombolo hadi Mpunguzi na Bihawana, na palipo na zabibu pana matangi ya kuchachushia mvinyo. Tuchukue tangi la mfano lenye lita 5,000 za juisi ya zabibu. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, hewa ukaa na joto. Joto hilo si dogo: kila gramu ya sukari inayoliwa hutoa zaidi kidogo ya nusu kilojuli, na juisi yenye sukari ya kutosha ingeweza kupanda kwa zaidi ya nyuzi 20 kama isingepoozwa na kama joto lisingepotea. Kwa hiyo tangi limezungushiwa koti la maji baridi, na Pt100 iliyochomekwa ubavuni ndiyo inayoamua maji hayo yafunguliwe lini.

Fundi anatumbukiza haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa juisi ukilinganisha na maji, na asubuhi hiyo anasoma densiti 1.090. Kesho yake asubuhi anasoma 1.080. Pointi kumi hizo zinamaanisha kwamba takribani gramu 22 za sukari zimeliwa katika kila lita, na kwa hiyo kila lita imezaa kilojuli 12 na zaidi, na tangi zima megajuli 62 hivi. Katika saa hizo hizo 24, lita 5,000 za maji ya kupoozea zimepita kwenye koti, zikiingia zikiwa na nyuzi 12 na kutoka zikiwa na nyuzi 15. Kila lita ya maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzi moja ya kupanda, kwa hiyo maji hayo yameondoka na karibu megajuli 63. Kilichozaliwa na kilichobebwa vinalingana. Tangi lililofunikwa vizuri lingepaswa kuamka na joto lile lile lililolala nalo.

Lakini skrini inasema tangi lilikuwa nyuzi 20 jana na leo lina nyuzi 22.

Hapo ndipo pacha anapopata kazi. Ili lita 5,000 zipande nyuzi mbili zinahitaji megajuli 40 hivi, na katika hesabu hii megajuli hizo hazina zilikotoka. Tofauti kati ya kilichosomwa na kilichotarajiwa wataalamu huiita baki, na baki ya nyuzi mbili inadai maelezo. Msimamizi asiye na pacha angeona nyuzi 22, angefungua maji baridi zaidi, na kama kihisi ndicho kilichopotoka, angeipooza hamira iliyokuwa salama hadi isinzie na uchachushaji ukwame.

Kabla ya kumshutumu mtu, hata hivyo, inabidi kuuliza baki hii ni kubwa kwa kiasi gani ukilinganisha na udhaifu wa hesabu yenyewe. Kwa viwango vya kimataifa, Pt100 ya daraja B inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 0.3 pamoja na nyongeza ndogo inayokua na joto, yaani karibu nyuzi 0.4 kwenye nyuzi 20. Vihisi viwili vinavyopima maji yanayoingia na yanayotoka vina ruhusa kama hiyo kila kimoja. Mashaka yao yakiunganishwa, tofauti ya nyuzi 3 tuliyoitegemea inaweza kuwa imekosewa kwa nusu nyuzi hivi, yaani sehemu moja ya sita. Sehemu ya sita ya megajuli 63 ni zaidi kidogo ya megajuli 10, na megajuli 10 hizo zikiwa ndani ya tangi ni nusu nyuzi. Kwa hiyo pacha wetu hawezi kumlaumu mtu kwa baki ya nusu nyuzi. Huo ni mtikisiko wake mwenyewe. Kwa nyuzi mbili ana haki ya kusema.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Pacha anayetangaza kwamba kihisi kimekosea kwa nyuzi 0.2, huku yeye mwenyewe akiwa na mashaka ya nyuzi 0.5, anawafundisha mafundi kupuuza kengele, na fundi aliyezoea kupuuza kengele ataipuuza hata ile ya kweli. Mtu akikuuzia mfumo wa namna hii, swali la kwanza la kumuuliza ni mashaka ya tarajio lake ni kiasi gani, na yamekokotolewaje. Akikosa jibu, picha nzuri za rangi kwenye skrini hazitaziba pengo hilo.

Swali la pili ni nani aliyekosea. Mlinganyo mmoja wa joto umetuambia kwamba kuna uongo mahali fulani, lakini watuhumiwa ni kadhaa: Pt100 ya tangi, mita ya maji ya kupoozea, vihisi viwili vya koti, hata haidromita ya fundi. Kwa shahidi mmoja kesi haiamuliki. Pacha mzuri huongeza milinganyo mingine inayoshiriki baadhi ya vihisi hivyo na si vyote. Hewa ukaa inayotoka juu ya tangi, kama inapimwa, inaeleza sukari iliyoliwa bila kuitegemea haidromita. Mita ya maji iliyo kwenye bomba kuu inapaswa kulingana na jumla ya mita za matangi yote. Ikiwa mlinganyo wa hewa ukaa unakubaliana na haidromita, na jumla ya maji inakubaliana na bomba kuu, basi mashaka yanamwangukia aliyebaki. Kila kihisi kina alama yake ya kidole, yaani mpangilio wa milinganyo inayovunjika pale kinapokosea chenyewe, na kazi kubwa ya kumbuni pacha ni kuhakikisha kwamba alama hizo hazifanani.

Mahali ambapo vipimo na matarajio vyote vina mashaka, hesabu inayotumiwa sana ni ile iliyochapishwa na Rudolf Kalman mwaka 1960. Kwa maneno mepesi, inamsikiliza kila shahidi kwa kadiri ya uaminifu wake: tarajio likiwa na mashaka madogo kuliko kihisi linapewa uzito zaidi, na kinyume chake, kisha uzito huo unapangwa upya kila kipimo kipya kinapoingia. Haina uchawi wowote.

Matukio mawili ya mwaka 2005 yanaonyesha gharama ya kukosa hata hesabu rahisi kuliko hiyo. Tarehe 23 Machi, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani, mnara wenye urefu wa takribani mita 52 ulikuwa unajazwa wakati wa kuanzisha mtambo. Kihisi cha kina kiliweza kupima sehemu ya chini tu ya mnara, na kilikuwa kimerekebishwa kwa uzito wa kimiminika usiolingana na kilichokuwemo. Kimiminika kilipokipita na kuendelea kupata moto, kihisi kilionyesha kwamba kina kinashuka taratibu na kiko chini ya mita 3, ilhali ukweli ulikuwa karibu mita 48. Watu 15 walikufa. Kwa saa kadhaa kimiminika kilikuwa kinaingia bila kutoka, na mtu yeyote ambaye angejumlisha kilichoingia na kutoa kilichotoka angejua kwamba mnara hauwezi kuwa unapungua. Tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, katika ghala la mafuta la Buncefield nchini Uingereza, kipimo cha tangi la petroli kiliganda usiku huku tangi likiendelea kujazwa, petroli ikafurika na mlipuko mkubwa ukafuata. Namba isiyosogea kwenye tangi linaloingiza mafuta ni jambo lisilowezekana kimaumbile, na kulitambua kunadai kujumlisha na kutoa tu.

Mifano hiyo inanirudisha kwenye sharti nililolitaja mwanzoni. Siku hizi mapacha wengi hawajengwi kwa milinganyo ya joto na ya uzito bali kwa kujifunza kutoka kwenye kumbukumbu: programu inapewa vipimo vya mwaka mzima na kuachwa igundue yenyewe namna vihisi vinavyokwenda pamoja. Njia hii ni ya haraka, na pale ambapo vihisi vilikuwa salama inafanya kazi vizuri. Lakini fikiria kwamba Pt100 ya tangi letu ilikuwa imezidisha nyuzi mbili tangu siku ya kwanza ya kumbukumbu hizo. Pacha atajifunza kwamba tangi lenye afya huonyesha nyuzi 22. Fundi akija kuweka kihisi kipya, sahihi, kinachoonyesha nyuzi 20, pacha atakikataa na kudai kimeharibika. Atakuwa ameurithi uongo na kuusimamia kama ukweli. Mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani yake hawezi kutumika kulisahihisha jibu hilo.

Kwa hiyo maarifa ya pacha yatoke angalau kwa sehemu nje ya vihisi: kwenye sheria za maumbile zisizobadilika, kwenye vipimo vya mkono kama vile haidromita na futi ya kupimia, kwenye vyeti vya ugezi, na kwenye mahali penyewe. Pacha aliyeandikwa kwa ajili ya kiwanda cha pwani akihamishiwa Dodoma bila kuambiwa mwinuko wa mji atafanya kosa la yule mtu wa sufuria. Boila, vikaushio na kila geji inayopima mgandamizo kuanzia kwenye ule wa hewa, vyote vinaguswa na kilopaskali 12 zinazopungua hapa.

Pacha naye huzeeka. Koti la tangi likijaa gamba, joto linalochukuliwa na maji linapungua kila mwezi, na kama pacha anaendelea kuamini koti ni jipya, baki itakua hata kama vihisi vyote ni vizima. Pia zipo hali ambazo pacha ni shahidi dhaifu kuliko kihisi chenyewe, na hapo afadhali aache kusema. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, hulisha mtambo wake wa megawati 80 na ule wa Kidatu wa megawati 204 ulio chini zaidi. Kina cha juu cha bwawa hilo ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na likijaa eneo lake ni kilomita za mraba 600 hivi. Kwa eneo hilo, kosa la sentimita moja kwenye kihisi cha kina ni meta za ujazo milioni 6 zilizoongezwa au kupunguzwa kwenye hesabu. Mtu angetamani kumkagua kihisi huyo kwa kujumlisha maji yanayoletwa na mito na kutoa yanayopita kwenye mitambo. Tatizo ni kwamba jua la huku hunywa milimita kadhaa kila siku, kiasi ambacho kinakadiriwa tu, na upepo husukumia maji upande mmoja wa bwawa. Mashaka ya mlinganyo ni makubwa kuliko kosa linalotafutwa. Katika hali hiyo vihisi viwili au vitatu vilivyowekwa mbalimbali, pamoja na mtu wa kusoma ubao uliochorwa mizani ukingoni, vina thamani kuliko pacha wa bei kubwa.

Wala pacha hana mamlaka ya kisheria. Mizani, pampu za mafuta na mita zinazotumika katika biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na matokeo ya kompyuta hayawezi kuchukua nafasi ya ukaguzi huo. Anachoweza pacha ni kusema kifaa gani kipelekwe kwanza kwenye ugezi, na kwa nini, badala ya kuvipeleka vyote kwa zamu ya kalenda.

Na kuna jambo moja ambalo pacha analiweza na maabara haiwezi, ambalo linaonekana vizuri kwenye mfano wa maji. Chukua pampu ya kisima inayosukuma maji hadi kwenye tangi la duara lenye kipenyo cha mita 6, ikipitia mita ya sumaku yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100. Mita inaonyesha meta za ujazo 60 kwa saa. Pacha, anayejua tabia ya pampu hiyo kutoka kwa mtengenezaji wake, anaangalia mgandamizo na umeme unaotumika na kusema kwamba pampu hii, kwa mgandamizo huu, inatoa 55 au 56. Baki ni karibu sehemu 8 kwa mia. Inaweza kuwa mita imekosea, inaweza kuwa pampu ina hali tofauti na pacha anavyoamini.

Fundi anafunga vali ya kutolea maji kwenye tangi, anapanda ngazi na futi yake ya chuma, anaandika kina, anasubiri nusu saa, anaandika tena. Eneo la tangi ni meta za mraba 28.3, kwa hiyo kama mita ni ya kweli, maji yangepaswa kupanda sentimita 106. Futi inasema 98. Hizo ni meta za ujazo 55 na nusu kwa saa, na futi imekubaliana na pacha. Bado kuna uwezekano kwamba maji yanavuja kati ya mita na tangi, kwa hiyo anafunga vali za ncha mbili za bomba hilo na kutazama geji kwa dakika ishirini. Mgandamizo haushuki. Anaifungua mita. Ndani, kuta zimevikwa gamba jeupe kuzunguka pande zote. Njia imekuwa nyembamba, maji yanapita kwa kasi zaidi, na mita, inayokadiria ujazo kutokana na kasi na kuamini njia bado ni milimita 100, imekuwa ikizidisha, kama futi ilivyosema.

Gamba kama hilo halijengeki kwa siku moja, na kila siku baki ilikuwa ndogo mno kuipigia kengele. Ndiyo maana mapacha makini hawaitazami baki ya siku peke yake bali huijumlisha, kwa njia aliyoieleza Mwingereza E. S. Page mwaka 1954: baki za kawaida, leo juu kesho chini, hufutana na jumla hubaki karibu na sifuri, lakini baki ndogo inayoangukia upande ule ule siku baada ya siku hulimbikizana hadi mstari wa jumla unaanza kupanda. Mahali mstari huo ulipoanza kuinuka ndiyo tarehe ambayo mita ilianza kudanganya. Fundi akiukwangua ule ukoko mweupe na kuipeleka mita kwenye ugezi, cheti kitamwambia mita ikoje leo. Tarehe ya kosa kuanza, na kwa hiyo rekodi zipi za maji zirekebishwe na zipi ziachwe kama zilivyo, itatoka kwenye kumbukumbu za pacha.